Hesabuni waliolipwa, si waliopewa tenda peke yao

Mhariri,

Naandika kuhusu cheti cha AGPO, kile kinachowapa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nafasi ya kuiuzia serikali ya Kenya bidhaa na huduma. Jina langu na simu yangu unavyo, lakini naomba usivichapishe. Bado nadai, na faili yangu iko mezani kwa watu ambao nitarudi kuwasihi.

Mimi ni mshonaji, na duka langu liko hapa Voi. Nilianza na Singer ya miguu aliyoniachia mama, nikitia viraka na kupunguza suruali za watu kiuno. Kufikia 2019 nilikuwa na vyerehani vitano, ovaloki moja na wasichana wanne niliowafundisha kazi mwenyewe. Sare za shule ndizo zilizokuwa zikitulisha: Januari tunakesha, kuanzia Machi tunakaa mlangoni kutazama barabara. Siku moja mteja wangu, mwalimu mkuu aliyestaafu, alikuja kuchukua kaunda suti yake akaniuliza kwa nini mashuka ya hospitali na sare za taasisi za serikali hushonwa mbali na kuletwa kwa lori, ilhali mimi niko hapa na vyerehani vimefunikwa. Sikuwa na jibu. Akaketi kwenye benchi la wateja, akanieleza habari za AGPO mpaka jua likatua.

Mzee yule aliyajua mambo yake. Aliniambia kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, ndiyo iliyofungua njia ya kuwatengea sehemu ya ununuzi wa umma watu waliokuwa wameachwa nje. Kwamba Oktoba 2013 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango wenyewe, na sehemu iliyotengwa ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 10 hadi 30. Na kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 iliikaza ahadi hiyo: kila taasisi ya umma inapopanga ununuzi wake wa mwaka, ni lazima itenge angalau asilimia 30 ya bajeti hiyo kwa biashara za makundi haya. "Si hisani, mama," aliniambia akiwa amesimama kuondoka. "Ni sheria." Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa dukani.

Nataka wasomaji, hasa wanawake wenzangu, wajue kwamba kukipata cheti si kazi ngumu kama wanavyotishwa. Hakilipiwi. Mimi nilitoa shilingi 3,000 kwa kijana wa saiba, duka la intaneti, aliyeniambia ndiyo ada ya serikali, na baadaye nikaja kujua kwamba hakuna ada yoyote. Maombi hufanywa mtandaoni, kinachokitoa ni Hazina ya Kitaifa, na hudumu miaka miwili kabla ya kuomba upya. Unahitaji kitambulisho, cheti cha usajili wa biashara, PIN ya kodi, na cheti cha kuonyesha hudaiwi kodi ambacho muda wake haujapita. Mwenye kampuni huongeza CR12, hati inayoonyesha wenye hisa na wakurugenzi, wenye ubia huongeza hati ya makubaliano yao, na mwenye ulemavu huonyesha usajili wake wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kijana ni mtu wa miaka 18 hadi 35. Anayetafuta kazi za ujenzi atatakiwa pia awe amesajiliwa na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Basi. Mwenye karatasi zake sawa anaweza kumaliza maombi kwa mchana mmoja.

Kilichonipa shida mimi ni habari ya kaka yangu.

Kampuni tuliisajili pamoja mwaka 2017, mimi hisa 50 na yeye hisa 50, wote wawili wakurugenzi. Ndivyo ilivyostahili, kwa sababu vyerehani viwili vya kwanza vya umeme alininunulia yeye kwa mkopo wa Sacco yake. Kaka ana zaidi ya miaka arobaini na hana ulemavu. Masharti ya AGPO yanataka angalau asilimia 70 ya biashara iwe mikononi mwa kundi linaloombewa, na uongozi wake uwe asilimia 100. Maombi yangu ya kwanza yalirudishwa. Ikabidi nimwite kaka Jumapili baada ya ibada, nimwekee chai, kisha nimweleze kwamba nahitaji atoke kwenye ukurugenzi na hisa zake zishuke.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo karatasi itasema mimi sikufanya kitu?"

Nilimwambia karatasi itasema mwenye duka ni mimi, na kwamba hilo pia ni kweli. Akatia sahihi. Alibaki na hisa 20. Nilimrudishia pesa za vyerehani kidogo kidogo kwa mwaka mzima ili moyo wangu utulie. Naeleza haya kwa sababu wapo wanaosema sharti hilo ni kali mno na livunjwe. Liliniuma, lakini naliunga mkono, na sababu yangu nitaitaja huko mbele.

Cheti kilikuja kwa barua pepe Septemba 2019. Mwaka uliofuata tulishona barakoa kama kila fundi nchini, na zabuni zikasahaulika. Mwaka 2021 nilialikwa kutoa bei ya mashuka 60 kwa zahanati moja, nikashinda, nikapeleka, nikalipwa shilingi 84,000 baada ya wiki sita. Pesa zilipoingia niliwanunulia wasichana wangu nyama, tukala pale pale dukani. Wawili kati yao walikuwa hawajawahi kushona kitu ambacho hakikuwa cha jirani. Naomba anayesoma barua hii asidhani kwamba naupinga mpango huu. Uliniona wakati ambapo hakuna benki iliyokuwa ikiniona. Hata ile dhamana ya benki inayodaiwa kwa wazabuni wengine, sisi wa makundi maalumu hatuidaiwi. Tunajaza fomu ya tamko tu. Bila hilo nisingethubutu kuomba.

Januari 2024 nikapata LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, kubwa kutoka hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Mashuka 400 kwa shilingi 1,350, magauni ya wagonjwa 300 kwa shilingi 1,100, foronya 400 kwa shilingi 350. Jumla shilingi 1,010,000 kabla ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nilikaa na karatasi ile mkononi, nikaisoma tena na tena kama barua ya posa.

Kitambaa peke yake kiligharimu shilingi 580,000, na wauzaji wa Mombasa hawakopeshi mtu kwa sababu ana LPO. Nilijaribu mfuko mmoja wa serikali unaokopesha wenye LPO. Walinipokea vizuri, ila walitaka hospitali iandike barua ya kukubali kwamba malipo yatapitia kwenye akaunti watakayoisimamia wao. Barua hiyo ilihitaji sahihi ya mhasibu. Nilikwenda mara nne. Mara yuko mkutanoni, mara yuko likizo, mara aliyeko hana idhini. Siku za kupeleka mali zikawa zinayoyoma. Nikachukua shilingi 200,000 za chama, ambazo ni za wanawake kumi na watano na si zangu, na shilingi 380,000 nikakopa Sacco, kaka yangu yule yule akinidhamini.

Tulishona wiki tisa. Kitambaa cha hospitali ni kizito, kinakula sindano, na mashuka hayaruhusiwi kuwa na kiungo katikati. Kwenye pindo la kila shuka niliweka mshono mmoja wa uzi wa samawati, alama ya duka langu, nilivyofundishwa na mama. Tarehe 14 Machi tulipakia pikapu tukapeleka. Kamati ya kukagua na kupokea bidhaa ilikuja stoo, ikahesabu kila kitu, ikavuta mishono, ikachukua vipimo. Hakuna hata gauni moja lililorudishwa. Wakatia sahihi na muhuri, nami siku hiyo hiyo nikatoa ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kama sheria inavyotaka: shilingi 1,010,000 na VAT ya shilingi 161,600 juu yake.

Ankara hiyo leo ina miezi ishirini. Sijapokea hata shilingi moja.

Hapa ndipo nataka wakubwa wasome polepole. VAT haingoji ulipwe. Ukishatoa ankara, kodi yake inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Nilikuwa nimesajiliwa kwa VAT kwa sababu zabuni nyingi hukitaka cheti hicho. Nilipotoa VAT niliyokuwa nimeilipa kwenye kitambaa, shilingi 80,000, nilibaki nikidaiwa shilingi 81,600 ambazo hazijawahi kufika mikononi mwangu. Niliuza ovaloki kwa shilingi 45,000, nikapeleka zote. Zilizobaki zikaanza kuzaa: adhabu ya asilimia 5, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nilikwenda ofisi ya kodi mwenyewe. Ofisa alinisikiliza vizuri, tukaandika mpango wa kulipa kidogo kidogo, nikalipa miezi mitatu, wa nne nikashindwa. Simlaumu ofisa yule. Sheria aliyopewa ndivyo ilivyo.

Cheti changu cha kodi nilikuwa nimekipata mwanzoni mwa Aprili 2024, wiki mbili kabla deni lile halijaiva. Mwaka mmoja baadaye muda wake ulipita, na kwa kuwa nadaiwa, siwezi kupata kingine. Septemba 2025 cheti changu cha AGPO nacho kilifika mwisho, na hakiwezi kufanywa upya bila cheti cha kodi. Kwa hivyo jambo limezunguka mpaka likafunga fundo: taasisi ya umma haijanilipa, kwa sababu haijanilipa, nadaiwa kodi, kwa sababu nadaiwa kodi, sina cheti, na kwa sababu sina cheti, siruhusiwi kushindania ile sehemu iliyotengwa kwa ajili ya watu kama mimi. Sikuvunja sharti hata moja. Nilishona, nikapeleka, nikapigiwa muhuri.

Mwezi wa Juni shangazi yangu alilazwa. Nilikwenda kumwona wadini jioni, nikaketi kitandani kwake kumlisha uji, na nilipolikunja shuka lisimwagikiwe nikauona uzi wa samawati. Nililigeuza pindo nikalitazama. Limefuliwa mara nyingi, limepauka, lakini mshono haujaachia. Shangazi aliniuliza kwa nini nalia, akadhani daktari ameniambia neno baya juu yake. Sikuweza kumweleza. Shuka lile linafanya kazi kila usiku. Wauguzi wanalitandika, wagonjwa wanalilalia. Anayelidai ndiye asiyekuwa na kazi.

Kati ya wasichana wangu wanne amebaki mmoja. Wawili wameolewa, nawaombea heri. Wa nne, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote, aliningoja miezi minane, kisha akaja kuniaga. Amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Aliondoka akiwa bado ananidai mshahara wake wa wiki tatu za mwisho. Pesa hizo nimemtumia mama yake mwezi uliopita, baada ya kuuza cherehani cha pili.

Sasa ile sababu niliyoahidi kuitaja. Mwaka 2022 alinijia mwanakandarasi mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, mwenye malori. Aliketi kwenye benchi lile lile la wateja. "Mama, wewe cheti chako kinakaa bure ukutani," aliniambia. "Nipe nikitumie kwenye tenda moja ya chakula, kazi yote nafanya mimi, wewe nitakuletea elfu sitini zako." Nilikuwa na shida siku hiyo, sitaficha. Nilimpa maji ya kunywa nikamwambia hapana. Lakini nawajua waliokubali. Msichana mmoja aliyekodisha cheti chake aliletewa shilingi 40,000 na hakuuliza zaidi. Mwaka uliofuata alitafuta cheti cha kodi akakuta anadaiwa kodi ya mauzo ya mamilioni ambayo hakuyaona hata kwa macho. Mwenye malori simu yake haishiki.

Ndiyo maana nasema sharti la asilimia 70 na uongozi wote libaki, tena likaguliwe kwa kutembelea. Njooni mwone kama kuna cherehani. Njooni mwone kama kuna jiko, kama kuna ghala, kama mwenye jina kwenye CR12 anajua bei ya bidhaa anayoiuza. Karatasi haiwezi kuwatofautisha kaka yangu aliyenisaidia kwa haki na mwenye malori aliyetaka kunivaa kama koti. Macho yanaweza.

Na nataka mjue kwamba mambo haya mawili yamefungamana. Anayeweza kungoja malipo miezi ishirini si mshonaji wa Voi. Ni mwenye mtaji, na mwenye mtaji hana haki ya kuwa na cheti chetu, kwa hivyo hukikodisha. Kila mwezi malipo yanapocheleweshwa, mwanamke mmoja mwenye kazi ya kweli anaanguka, na cheti cha mwingine aliyechoka kinaingia mfukoni mwa mtu kama yule. Kwenye taarifa, asilimia 30 itaonekana imetimia vizuri kabisa, kwa sababu jina lililoandikwa ni la mwanamke.

Nimezisoma hotuba nyingi kuhusu AGPO kwa miaka hii, mhariri, na zote huhesabu kitu kimoja: vyeti vilivyotolewa na zabuni zilizotolewa. Tenda yangu ya 2024 imo kwenye hesabu hiyo. Mahali fulani mimi nimeandikwa kama mwanamke aliyewezeshwa kwa shilingi milioni moja na zaidi. Ile taasisi imepata alama yake ya kutekeleza sheria, na siwezi kusema wamedanganya, kwa kuwa tenda walinipa kweli. Ninachoomba ni kwamba hesabu ifanywe siku pesa inapoingia kwenye akaunti ya mwenye kazi. Taasisi iliyowapa makundi maalumu asilimia 30 ya zabuni na kuwalipa sehemu ndogo tu ya hizo, iandikwe hiyo sehemu ndogo. Naamini hapo wahasibu wasingekosekana kutia sahihi.

Najua nitajibiwa kwamba wanaodai ni wengi. Ni kweli. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimetaja madeni ya kaunti peke yake kuwa zaidi ya shilingi bilioni 150. Kwa upande wa serikali kuu, mwaka 2023 iliundwa kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, kuyachambua madeni ya kuanzia Juni 2005 hadi Juni 2022. Nilifurahi niliposikia, kisha nikazitazama tarehe. Ankara yangu ni ya 2024. Deni la mshonaji kama mimi halimo kwenye kipindi hicho, na tangu hapo madeni mapya yameendelea kurundikana juu ya yale yaliyopelekwa kuchambuliwa. Bungeni nako umewahi kufikishwa, zaidi ya mara moja, muswada wa kuwalazimisha wanunuzi wa umma kulipa kwa wakati. Naomba wabunge wetu waufufue, na wasiupeleke tu ili useme "kwa wakati"; waandike siku.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini kama fedha hazitoshi wote, basi mpangilio wa foleni ndio wa kuzungumzia. Ankara ya milioni moja ya mshonaji na ankara ya milioni mia nne ya mjenzi wa barabara zinakaa kwenye foleni moja, na aliye na jamaa ofisini hupita mbele. Kwa nini ankara ndogo za makundi maalumu zisilipwe kwanza? Kuzimaliza zote katika hospitali moja hakufiki hata bei ya gari moja la mkurugenzi. Na kodi ya mauzo kwa taasisi ya umma idaiwe siku taasisi hiyo inapolipa. Mnunuzi ni serikali na mkusanya kodi ni serikali. Mkono mmoja unajua vizuri kwamba mwingine haujatoa. Mpaka hapo patakaporekebishwa, mtu ambaye deni lake la kodi limetokana na ankara ya umma isiyolipwa asinyimwe cheti. Ana LPO, ana hati ya kupokelewa bidhaa, ana muhuri. Viangaliwe, apewe cheti, arudi kazini.

Serikali imeanza kusukuma ununuzi wote uingie kwenye mfumo mmoja wa kielektroniki. Kuna mabishano kuhusu hilo na sitaingia, ila naomba kitu kimoja kutoka kwa wanaoujenga: kila tenda ya AGPO ionyeshwe wazi na tarehe tatu, siku bidhaa ilipopokelewa, siku ankara ilipoingia, siku ilipolipwa. Asiwepo tena mama anayepanda matatu alfajiri kwenda kuuliza faili yake iko meza ya nani. Nimepanda mara thelathini na moja. Nauli nimeziandika kwenye daftari la duka, nyuma ya vipimo vya wateja. Mara nyingi jibu ni, "Mama, pesa hazijaingia." Mara moja tu kijana mmoja wa pale alinitoa nje akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikitoa kitu kidogo faili itapanda juu. Nilimwambia nilishatoa. Nilitoa mashuka mia nne.

Kwa wanawake wanaofikiria kuomba cheti hiki, sitaki barua yangu iwafukuze. Ombeni. Ila kabla ya kukubali LPO, waulizeni waliowahi kuiuzia taasisi hiyo walilipwa baada ya muda gani. Watawaambia, sisi huambiana. Msichukue ya kwanza kubwa. Chukueni ndogo mbili tatu mwone tabia yao. Fuatilieni ile barua ya mhasibu kabla hamjakata kitambaa, na asipoitia sahihi, hiyo ni habari tosha kuhusu mtakavyolipwa. Hati ya kupokelewa bidhaa msiiache stoo hata kwa dakika moja bila nakala. Na cheti chenu msimpe mtu, hata awe shemeji.

Mhariri, gazeti lako lina waandishi wanaoweza kuingia mahali ambapo mimi hufika mlangoni tu. Naomba waiulize Hazina ya Kitaifa, na waziulize kaunti moja moja: katika zabuni zote zilizotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu katika mwaka wa fedha wa 2023/2024, ule wenye ankara yangu, ni ngapi zilizokwisha kulipwa kufikia leo? Na wajibu kwa shilingi, wasijibu kwa idadi ya vyeti.

Wako,
Mshonaji,
Voi, Taita Taveta